Mita 60 za makaratasi

Kwenye kanuni za migodi ya makaa ya mawe ya India ipo namba moja ambayo kila mpima na kila meneja wa mgodi anaijua bila kufungua kitabu: mita 60. Kanuni za 1957 ziliagiza kwamba ukichimba kuelekea machimbo ya zamani ambayo hayajathibitishwa kuwa makavu, ukifika mita 60 usimame. Hutaendelea bila idhini ya wakaguzi wa serikali, na hata ukiipata utatanguliza matundu marefu mbele ya kazi, ili kama kuna maji nyuma ya mwamba yatoke kwa tundu la kidole, yasitoke kwa upana wa mlango.

Kanuni nzuri. Ina sharti moja tu ambalo haikuliandika: ili ujue umebakiza mita 60, lazima kwanza ujue maji yako wapi.

Tarehe 27 Desemba 1975, katika mgodi wa Chasnala, wilaya ya Dhanbad (leo jimbo la Jharkhand), ukuta wa makaa uliotenganisha sehemu ya kina na machimbo ya zamani yaliyojaa maji juu yake uliachia. Hesabu rasmi inataja watu 375. Zamu nzima ilizama. Kanuni ya mita 60 ilikuwa na umri wa miaka 18 siku hiyo, na mgodi haukuwa wa wachimbaji wa vichochoroni, ulikuwa wa kampuni kubwa ya chuma yenye wahandisi na ramani ukutani. Mahakama ya Dhanbad ilikuja kuwatia hatiani maofisa wawili wa zamani mwaka 2012, zaidi ya miaka 36 baadaye. Mtoto aliyezaliwa wiki ya ajali alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Kwa hiyo nikisikia kwamba India inahitaji mpango bora zaidi wa kusimamia hatari migodini, nakubali nusu. Mipango ipo, na mingi imeandikwa na watu wanaoijua kazi. Linalokosekana ni vitu viwili ambavyo mpango hauwezi kujitengenezea: ramani ya kweli ya kilichoko chini, na mtu aliye karibu na hatari mwenye mamlaka ya kusema "tokeni" bila kumwomba mtu ruhusa.

Tuwape haki yao kwanza. Sheria ya kwanza ya migodi India ni ya 1901, ofisi ya ukaguzi ikafunguliwa Kalkata Januari 1902 na baadaye kuhamia Dhanbad, na Sheria ya Migodi ya 1952 ilitawala kwa zaidi ya miaka 70. Katika muongo wa 1951 hadi 1960 migodi ya makaa ilikuwa ikiua wastani wa watu 295 kwa mwaka. Muongo wa 2001 hadi 2010 wastani ulikuwa 112, huku makaa yanayotolewa yakiwa yameongezeka mara nyingi. Kutaifishwa kwa migodi kati ya 1971 na 1973 kuliwaondoa wamiliki wadogo waliokuwa wakila mpaka nguzo zinazoshikilia paa. Magogo ya kuegemeza yakapisha nondo zinazofungwa ndani ya mwamba. Hayo ni mafanikio, na anayeyadharau hajawahi kuona orodha ya majina ya miaka ya 1950.

Lakini sehemu ya nafuu hiyo ilitokana na kuhama. Zaidi ya asilimia 90 ya makaa ya India leo hutoka migodi ya wazi, mashimo makubwa ambayo jua linafika mpaka chini. Watu wachache zaidi wanaingia gizani, kwa hiyo wachache zaidi wanaangukiwa na paa. Hatari imebadilisha makazi: sasa ni lori la tani 100 linalorudi nyuma usiku, na ni mlima wa kifusi uliorundikwa pembeni ya shimo. Nchi ilivuka tani bilioni moja za makaa katika mwaka wa fedha wa 2024/25, na kila tani hutanguliwa na udongo na mawe mengi yanayopaswa kuondolewa na kuwekwa mahali. Nitarudi kwenye kifusi hicho.

Kwanza maji, kwa sababu maji ndiyo yanayoonyesha ramani ilivyo na nguvu kuliko meneja.

Dhanbad ni mji wa ajabu. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya ukaguzi wa usalama wa migodi nchini. Hapo ndipo kilipo chuo cha uhandisi wa migodi kilichofunguliwa 1926, na taasisi ya utafiti wa migodi. Ukitafuta mtu anayejua kwa nini mwamba hupasuka, India yote hutampata kirahisi kama hapo. Na ni wilaya hiyo hiyo iliyozika wafu wa Chasnala, kisha Gaslitand usiku wa kuamkia 27 Septemba 1995, pale mvua ilipoufurisha mto Katri ukamwagika ndani ya mgodi na kuua watu 64, kisha Bagdigi Februari 2001, watu 29. Elimu ilikuwa mwendo wa basi kutoka kwenye kila shimo.

Kule Bagdigi, ukuta uliotenganisha mgodi na machimbo ya jirani yaliyojaa maji haukuwa mnene kama ulivyoandikwa kwenye ramani. Wachimbaji wetu wa Mererani wana neno kwa jambo la namna hii: mtobozano. Njia yako inakutana na njia ya jirani chini kwa chini, na hapo juu kila mmoja ana leseni yake na mipaka yake iliyonyooka kama rula. (Mererani na India si mbali hivyo. Tanzanaiti nyingi iliyochimbwa pale imekatwa na kung'arishwa Jaipur.) Tofauti ni kwamba mwanaapolo, yaani mchimbaji wa Mererani, akitobozana na jirani leo, jirani yupo na kuna kelele. Katika uwanda wa makaa wa Jharia na Raniganj jirani anaweza kuwa amekufa miaka 80 iliyopita, na alichokiacha ni maji.

Kwa nini ramani zidanganye? Hapa vitabu vya uhandisi huwa na haya. Kabla ya kutaifishwa palikuwa na mamia ya wamiliki, kila mmoja na kipande chake, na makaa mazuri hayakujua mpaka. Mmiliki aliyevuka akachimba chini ya ardhi ya mwenzake, au aliyekula ukuta ulioachwa makusudi katikati ya migodi miwili, angeuchora vipi wizi wake kwenye ramani ya kupeleka serikalini? Ramani ilichora alichopaswa kuchimba. Kisha makampuni yakaunganishwa, makabati yakahamishwa, karatasi zikaliwa na mchwa, na mhandisi kijana wa leo akarithi mstari uliochorwa na mtu mwenye sababu nzuri ya kuuchora vibaya.

Sasa mchukue mhandisi huyo, mpe fomu ya kisasa ya tathmini ya vihatarishi. Ataandika: hatari, kuvunjikiwa na maji. Uwezekano, mdogo. Madhara, makubwa sana. Hatua ya kuzuia, kuacha ukuta wa mita 60. Atazidisha namba mbili, apate ya tatu, aipake rangi ya njano. Kila kisanduku kimejazwa kwa uaminifu, na namba nzima imesimama juu ya mstari wa yule mwizi wa makaa.

Dawa inajulikana na haina fahari yoyote: kutoboa matundu ya uchunguzi, kupima upya, na kuchukulia kila machimbo ya zamani kuwa yamejaa maji mpaka tundu lithibitishe vinginevyo. Kutoboa kunachelewesha kazi. Zamu inayotoboa haitoi makaa. Ndiyo maana mpango wowote ambao hauonyeshi siku ngapi za uzalishaji zimetengwa kwa ajili ya matundu hayo, mimi naupita.

Mara moja maji yalishindwa. Tarehe 13 Novemba 1989, katika mgodi wa Mahabir huko Raniganj, Bengali Magharibi, maji ya machimbo ya juu yaliingia, na watu 71 wakabaki chini. Sita walikufa. Waliobaki 65 walikwama kwenye sehemu iliyoinuka. Mhandisi Jaswant Singh Gill alipendekeza jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wa uokoaji wa mtu yeyote: litobolewe tundu pana kutoka uwanjani, litengenezwe kopo la chuma la kumtosha mtu mmoja aliyesimama, wavutwe mmoja mmoja. Kopo lilichomelewa kwa haraka karakana za jirani. Gill mwenyewe akaingia ndani yake akashuka, akabaki chini mpaka wote 65 walipotoka. India inamkumbuka kwa ushujaa na inafanya vema. Mimi huikumbuka pia ramani. Lile tundu lingechimbwa pasipo ramani sahihi ya sehemu ile, lingetokea kwenye mwamba mtupu au kwenye maji.

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe, ule wenye herufi kubwa. Kanuni mpya za migodi ya makaa za 2017, zilizochukua nafasi ya zile za 1957, zinamtaka kila mwenye mgodi awe na mpango wa usimamizi wa usalama: atambue vihatarishi, apime uzito wake, aandike nani atafanya nini, na apitie upya kila mara. Wazo lilikuwa likizungumzwa tangu mkutano wa kitaifa wa usalama wa migodi wa mwaka 2000, na wataalamu wa Queensland, Australia, walisaidia kufundisha.

Inafaa kujua Queensland walilipata wapi. Agosti 1994, mgodi wa Moura namba 2 ulikuwa na dalili kwamba makaa yanajipasha moto yenyewe nyuma ya sehemu iliyozibwa. Vipimo vya gesi vilikuwepo. Wakubwa walijadili. Wakati huo huo watu 21 walikuwa chini kwenye zamu ya usiku. Kumi walitoka baada ya mlipuko, 11 hawakutoka, na mgodi ulizibwa wakiwa ndani. Uchunguzi uliofuata ndio uliozaa sharti la mipango ya usalama iliyoandikwa. Kiini cha somo la Moura kilikuwa hiki: namba ya gesi ya kuwatoa watu ikubaliwe mapema, mchana, watu wakiwa wamekaa na chai yao, ili usiku wa hatari pasiwe na mjadala. Gesi ikifika hapo, watu wanatoka. Meneja haulizwi na lengo la mwezi halitajwi.

Mpango uliosafiri kutoka Queensland kwenda Jharkhand ulibeba majedwali yote. Mashaka yangu ni kama ule usiku nao ulisafiri. Kwa sababu namba ya kutoka ina maana pale tu ambapo anayekisoma kifaa ana uwezo wa kuitekeleza, na hapo tunamkuta mtu ambaye migodi ya India humwita sirdar. Kwa Kiswahili cha mashamba ya mkonge tungemwita mnyapara, lakini huyu ana cheti cha serikali. Ndiye anayetangulia kwenye sehemu ya kazi kabla ya zamu, akipima gesi, akigonga paa kwa fimbo. Mwamba mzima hulia kwa sauti kali kama chuma, ulioachana hulia kama ngoma. Sheria inampa wajibu wa kuwaondoa watu akiona hatari. Kwenye karatasi ana nguvu kuliko mkurugenzi.

Kazini ana bosi, bosi ana lengo la tani, na yeye ana mkopo wa shule ya watoto. Paa likilia kama ngoma saa nane usiku na akatoa watu 40, halafu paa lisianguke, asubuhi ataeleza. Likianguka akiwa hajawatoa, uchunguzi utamkuta yeye wa kwanza kwenye orodha ya waliozembea. Sijui kazi nyingine ambayo mtu huadhibiwa kwa ajali iliyotokea na kwa ajali aliyoizuia.

Kifusi nilichoahidi kurudia ni cha Rajmahal. Mgodi wa wazi, eneo la Lalmatia, wilaya ya Godda, Jharkhand. Jioni ya 29 Desemba 2016 ardhi iliyobeba rundo la kifusi iliteleza: eneo la mita 300 kwa 110 lilishuka kama mita 35, na wizara ikataja meta za ujazo milioni 9.5 za udongo. Watu 23 walikufa wakiwa na mashine zao. Magazeti ya siku zile yaliandika kwamba wafanyakazi walikuwa wameona nyufa kabla. Sina haja ya kuamua nani alimwambia nani nini. Inatosha kwamba waliokuwa pale walikuwa wa mkandarasi. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya umma, lakini kifusi kilikuwa kinaondolewa kwa zabuni.

Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko teknolojia yoyote. Kuondoa kifusi, kusomba makaa, na siku hizi hata kuendesha mgodi mzima hutolewa kwa wakandarasi. Mwenye mgodi anabaki na mpango wa usalama wenye kurasa nyingi. Anayesimama chini ya rundo la kifusi ni dereva aliyeajiriwa kwa miezi, mgeni kutoka mkoa mwingine, ambaye mpango huo umeandikwa kwa Kiingereza na hajawahi kuuona. Kanuni za mafunzo kazini za 1966 zinamtaka apite darasani kabla ya kuingia mgodini. Tuchukulie kwamba amepita. Akiona ufa, anamwambia msimamizi wa mkandarasi. Msimamizi ana mkataba unaolipa kwa meta za ujazo. Kati ya ufa na meneja mwenye cheti pana ngazi tatu, na kila ngazi inapoteza fedha kazi ikisimama.

Septemba 2025 ilitangazwa bima mpya ya ajali kwa watu wa Coal India, kampuni ya makaa ya serikali. Mwajiriwa wa kudumu akifa kazini, rupia milioni 10. Wa mkandarasi, rupia milioni 4. Kwa familia za vibarua ni hatua kubwa kuliko walichokuwa nacho, nisionekane naibeza. Lakini ukitaka kujua hatari inapimwaje kweli, acha majedwali ya rangi soma bei. Rundo ni lile lile, ufa ni ule ule, na wote wawili wako chini yake.

Tangu 21 Novemba 2025 India ina sheria mpya, ile ya usalama, afya na mazingira ya kazi ya mwaka 2020, iliyokunja sheria 13 ndani yake ikiwemo Sheria ya Migodi ya 1952. Wanaoitetea husema imempa mfanyakazi haki pale anapohofia hatari ya papo kwa papo. Nilikisoma kifungu hicho, cha 14, kwa hamu. Kinasema mfanyakazi anaweza kumjulisha mwajiri, yeye mwenyewe au kupitia kamati ya usalama, na wakati huo huo amjulishe mkaguzi. Mwajiri akiridhika kwamba hatari ipo, achukue hatua mara moja. Asiporidhika, atalipeleka suala kwa mkaguzi, ambaye uamuzi wake ni wa mwisho.

Tafuta ndani ya kifungu hicho neno "ondoka". Halimo. Mfanyakazi amepewa haki ya kutoa taarifa. Wakati barua inakwenda kwa mkaguzi na kurudi, yeye yuko wapi? Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu usalama migodini, namba 176 wa mwaka 1995, unatamka waziwazi haki ya mchimbaji kujiondoa mahali ambapo ana sababu za kuamini kuna hatari kubwa. India haimo miongoni mwa nchi zilizouridhia. Na jina jipya la mkaguzi katika sheria hii ni "mkaguzi na mwezeshaji". Labda mimi ni mtu wa zamani, lakini naona mkaguzi wa mgodi anatosha kuwa mkaguzi.

Haki ya kuondoka si anasa ya vyama vya wafanyakazi. Ndicho kipimo cha hatari chenye kasi kuliko vyote, maana macho na masikio ya watu 200 waliosambaa mgodi mzima hayawezi kulinganishwa na vihisio 20 na mkaguzi anayekuja mara chache kwa mwaka. Migodi mikubwa ya India tayari ina wakaguzi wanaotoka miongoni mwa wafanyakazi wenyewe, na kamati za usalama. Wanaandika kwenye daftari, na meneja anajibu kwenye daftari. Mfumo mzuri kwa kasoro zinazosubiri. Ufa hausubiri daftari.

Kuna wengine ambao hawamo kwenye daftari lolote. Katika vilima vya Jaintia, Meghalaya, makaa yako kwenye tabaka jembamba, na watu huyafuata kwa vijishimo ambavyo mtu huingia akitambaa. Huitwa mashimo ya panya. Mahakama ya taifa ya mazingira ilipiga marufuku uchimbaji huo Aprili 2014. Desemba 2018, huko Ksan, maji yalivunja kuingia kwenye shimo moja na watu 15 wakanaswa. Wazamiaji wa jeshi la maji na roboti walitumwa, wiki zikapita, na miili miwili tu ilitolewa. Tarehe 6 Januari 2025 ikawa zamu ya Umrangso, wilaya ya Dima Hasao, Assam: maji, mashimo yanayoungana chini kwa chini, watu tisa. Mwili wa mwisho ulitoka wiki ya tatu ya Februari.

Mtu akiuliza mpango wa usalama wa Ksan ulisemaje, atachekwa. Marufuku haikuwa na mpango, kwa kuwa huwezi kupanga usalama wa kitu ambacho umekwisha tangaza kwamba hakipo. Ramani ya machimbo hayo haikudanganya, haikuchorwa kabisa. Na bado makaa yalipata lori, lori likapata barabara, na barabara ikapata mizani. Serikali iliyoweza kuhesabu tani ingeweza kuhesabu mashimo.

Halafu historia ikafanya kejeli yake. Novemba 2023, handaki la barabara la Silkyara huko Uttarakhand liliporomoka na kuwafungia wafanyakazi 41. Hati za kuidhinisha mradi mwaka 2018 zilitaja njia ya dharura ya kutokea. Siku ya ajali, 41 wale hawakuwa na njia hiyo. Mashine kubwa ya kutoboa ilivunjika ikiwa imebakiza kama mita 12. Wakaitwa wachimbaji wa mashimo ya panya, wakatambaa ndani ya bomba wakichimba kwa mikono, na tarehe 28 Novemba, siku ya 17, wote 41 walitoka wakiwa hai. Ujuzi uliopigwa marufuku ukaokoa mradi wenye kibali. Waliosherehekea usiku ule walikuwa na haki. Ila nchi ilipaswa kuamka asubuhi ikiwauliza watu hao wanajua nini kuhusu mwamba ambacho wahandisi hawakukijua, na wangependa kulindwaje. Badala yake walipigwa picha.

Kuhusu vumbi nitasema kidogo, ingawa linaua polepole na linaua wengi. Wachimba mawe wa Rajasthan hufa kwa silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe, majumbani mwao, miaka mingi baada ya kuacha kazi, na mkoa ule umelazimika kuwa na sera yake ya ugonjwa huo tangu 2019, maelfu wakiwa wamethibitishwa. Hakuna hata mmoja anayeonekana kwenye takwimu za ajali za mwaka aliofia. Kutoboa jiwe kwa maji badala ya kulitoboa kavu kunapunguza sana vumbi hilo, na gharama yake ni mpira na tangi. Mpango wa hatari unaoanza na ajali na kuishia na ajali umeshawaacha hawa nje ya mlango.

Ningepewa nafasi ya kuongeza sentensi moja kwenye mipango yote hiyo, nisingegusa majedwali. Ningegusa mshahara. Dereva wa lori anayelipwa kwa safari, akiona ufa, anajua kwamba kila dakika ya kusimama ni fedha yake. Mkandarasi anayelipwa kwa meta ya ujazo anajua hivyo hivyo, na sirdar anajua kwamba asubuhi ataulizwa tani. Mkataba wa kila zabuni ya kifusi unaweza kusema kwamba zamu iliyosimamishwa kwa sababu ya usalama italipwa kamili, kwa kibarua, kwa msimamizi na kwa mkandarasi, hata kama rundo halikuanguka. Sheria mpya haihitajiki kwa hilo, wala mtaalamu kutoka Queensland. Mwenye mgodi mkubwa kuliko wote India ni serikali yenyewe, na zabuni zinaandikwa ofisini kwake.